Nafasi ya Msamiati wa Hisia katika Ukusanyaji wa Picha za Nyuso

Makala haya yanachunguza namna tarakilishi inavyofundishwa kutambua hisia katika uso wa mwanadamu, na yanadai kwamba kazi hiyo, ijapokuwa ni ya kisayansi, hutegemea msamiati tangu mwanzo.

Hifadhidata za awali zilijengwa maabarani. JAFFE, iliyotolewa mwaka 1998, ina picha 213 za wanawake 10 wa Kijapani walioigiza hisia sita za msingi pamoja na uso usioonyesha hisia yoyote. Uso wa kuigiza huwa bayana, ilhali ule wa maisha halisi huweza kufichwa na kivuli, kiganja au haya. Kwa sababu hiyo, watafiti waligeukia filamu na mtandao. AffectNet ya mwaka 2017 ilikusanya picha zaidi ya milioni moja kwa kutumia maneno 1,250 ya hisia katika lugha sita: Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kireno, Kiarabu na Kiajemi.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Picha hutafutwa kwa neno, kisha mtu huipa jina la hisia anayoiona. Wakadiriaji wawili wa AffectNet walipopewa picha zilezile, walikubaliana katika asilimia 60.7 pekee. Kiswahili, kisichokuwamo katika lugha hizo sita, hutofautisha hasira na ghadhabu, huzuni na simanzi, haya na aibu. Tofauti isiyotajwa haiwezi kufunzwa mashine. Basi, ni jukumu la wanaisimu wa Kiswahili kuandaa orodha ya maneno ya hisia na kufafanua matumizi yake kabla ya nyuso za Afrika Mashariki kukusanywa na kupewa majina ya kigeni.