SOMO: MTU MWENYE DENI LA KODI YA NYUMBA

Ninyi wenye nyumba, sikieni. Kodi ya nyumba na kiwanja iliamriwa kwa sheria ya tarehe 10-2-1969, na kwa Katiba ya mwaka 2006 ni kodi ya jimbo. Wengi wamebaki nyuma, zaidi wale waliokimbia mauaji upande wa Mbau tangu 2014. Mwenye deni hujificha, ama huuza shamba lake la kakao kwa haraka, kwa bei ya hasara. Yote mawili ni mabaya.

Kwanza uliza: je, nadaiwa kweli? Sheria ile husamehe udongo ambao mwenyewe anautumia kwa kulima na kufuga tu. Banda la kutengenezea mavuno nalo husamehewa, kama mavuno yaliyotoka shamba lako mwenyewe yafika sehemu 80 katika 100. Mjane naye, na mzee wa miaka 55, akikaa katika nyumba yake mwenyewe na mapato yake ni kidogo, husamehewa. Lakini karani hatamtafuta mjane nyumbani! Sherti aende mwenyewe na karatasi zake.

Kama deni ni kweli, andika barua kwa ofisi ya mapato ya jimbo, omba kulipa kidogo kidogo. Fanya hivi mapema. Karatasi ya amri ya kulipa ikiisha kufika, zimebaki siku 8, kisha vitu vyaweza kukamatwa. Usimpe mtu feza njiani. Kila mara dai karatasi ya malipo, uiweke pamoja na hati ya kiwanja.