Ukitaka mbunifu wa bustani akupigie tena

Kazi nzuri za bustani hapa Dar es Salaam, hasa za Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach, mteja hamtafuti mkandarasi. Anamtafuta mbunifu, na mbunifu ndiye anayekuja na jina lako au la mwenzako. Miaka yote hii nimekula kwa kazi za namna hiyo, na sikumbuki hata moja niliyoipata kwa kugawa kadi.

Anza na bei. Mbunifu akinitumia ramani, simrudishii jumla tupu ya mamilioni. Namchambulia: udongo mwekundu kwa lori, samadi, mipira ya maji, miche kwa aina na kimo, vibarua, uangalizi wa miezi mitatu. Mteja akilalamikia gharama, mbunifu anajua apunguze wapi. Ukimpa jumla peke yake, kitu cha kupunguza ni wewe.

Halafu ardhi. Kabla ya kukubali kazi naomba twende wote saiti, nichimbe shimo la kina cha goti na kuchota maji ya kisima kwenye chupa. Karibu na bahari visima vingi vina chumvi, na ramani inaweza kuwa imejaa nyasi zitakazoungua kabla kiangazi hakijaisha. Kule Mbezi mbunifu mmoja aliyaonja maji hayo kwa ncha ya ulimi, akatema, akakunja ramani. Tukageuza ndoo tukakalia, akaniuliza ningepanda nini. Nikamtajia paspalamu, maana inastahimili chumvi, na mikadi upande wa upepo. Ramani mpya ilitoka kwa jina lake, na hilo halina haja ya kugombaniwa.

Mche ukikosekana kwenye vitalu vya Barabara ya Bagamoyo, usipachike mwingine kimyakimya. Simama kando ya uliopo, piga picha kimo kionekane, mtumie mbunifu, subiri jibu. Yeye kachora mwashoki wa mita mbili. Ukileta wa kufika kiunoni, aibu ni yake mbele ya mteja.

Jaribu kubwa huja saiti, mbunifu akiwa hayupo. Mteja anakusogelea: "Fundi, achana na huyo dada, tumalizane mimi na wewe." Jibu langu halibadiliki: "Bosi, ngoja nimpigie kwanza." Napiga palepale, spika wazi. Pengine napoteza hela ya siku ile, lakini habari hizi husambaa haraka, wabunifu mjini wanajuana.

Cha juu je? Wapo wabunifu watakaokuomba. Mimi huwaambia wakiweke wazi kwenye ada yao kwa mteja. Wengine hawajanitafuta tena, na sina kinyongo.

Ukishakabidhi kazi, pita tena masika yakiisha, umpelekee picha, hata ya mmea uliokufa. Mbunifu akishalipwa ni nadra kualikwa aione bustani ilivyokua, na picha hizo ndizo atakazowaonyesha wateja wapya. Mwombe tu aandike chini yake nani alipanda.