Harufu, Upepo na Chambo: Sayansi ya Kuwinda Ayala

Madhumuni ya somo

Makala hii imekusudiwa walimu na wanafunzi wa biolojia na kemia katika shule za sekondari. Msomaji akiimaliza aweze kueleza harufu ni kitu gani, jinsi inavyosafiri hewani, jinsi mnyama anavyoipokea, na kwa nini chambo cha harufu chaweza kueneza maradhi. Mfano tuliouchagua ni uwindaji wa ayala huko Amerika ya Kaskazini, kwa sababu katika kazi hiyo kanuni za kemia, fizikia na elimu ya viumbe hukutana mahali pamoja.

Lengo letu si kuhimiza uwindaji. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na nchini Tanzania hairuhusiwi kuwinda pasipo leseni. Hata hivyo, mtafiti wa wanyamapori na mpiga picha huhitaji ujuzi huu huu, maana wao pia hutaka kumkaribia mnyama asiwagundue.

1. Mnyama mwenyewe

Ayala si swala. Pembe za swala na kulungu wetu hazina matawi, nazo hudumu maisha yote. Dume wa ayala huota pembe za mfupa zenye matawi, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Afrika kusini mwa Sahara haina ayala wa asili. Tutakayemzungumzia ni ayala mkia-mweupe, ambaye jina lake la kisayansi ni Odocoileus virginianus. Huyu huishi kuanzia kusini mwa Kanada hadi sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini.

Kwa karne nyingi mnyama huyu ameliwa na mbwa-mwitu na puma. Waliosalia na kuzaa ni wale walionusa hatari mapema. Ndiyo sababu ayala akiona kitu asichokielewa husimama akitazama kwa muda mrefu, lakini akinusa harufu ya mtu mara nyingi hukimbia bila kungoja ushahidi mwingine.

2. Harufu ni kitu

Wengi hufikiri kwamba harufu ni jambo lisiloshikika. Kwa hakika, harufu ni molekuli nyepesi zilizoachana na kitu fulani, zikageuka mvuke na kuelea hewani. Palipo na harufu pana maada. Mwili wa binadamu hutoa molekuli hizo kwa njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni jasho. Jasho jipya halina harufu kali. Bakteria waishio kwapani na penginepo ndio wanaolivunjavunja na kutengeneza asidi zenye harufu. Ya pili ni ngozi. Kila dakika ngozi hupukutisha maelfu ya vipande vidogo sana, vyenye mafuta na bakteria wake, navyo huanguka majanini na kuendelea kunuka baada ya mtu kuondoka. Mafuta ya ngozi nayo yakikutana na ozoni ya hewani hutoa mivuke mingine. Ya tatu ni pumzi, ambayo pamoja na kaboni dayoksaidi hubeba asetoni na mivuke mingine itokayo katika damu.

Kutokana na maelezo haya yafaa tukumbuke jambo moja: mtu aliye hai, anayepumua na mwenye ngozi, hawezi kuacha kunuka. Aweza kupunguza harufu, lakini hawezi kuiondoa.

3. Pua ya ayala

Ndani ya pua kuna utando wenye unyevu, na katika utando huo mna chembe za neva zenye vipokezi. Kila kipokezi hujengwa kwa maelekezo ya jeni yake. Binadamu ana jeni kama 400 za kazi hiyo. Tembo wa Afrika anazo takriban 2,000. Ayala naye ni miongoni mwa wanyama ambao pua zao hutupita mbali sana. Pua yake ndefu ina nafasi kubwa ya utando huo, na ncha yake yenye majimaji hunasa molekuli.

Zaidi ya hayo ana kiungo cha Jacobson, kilicho katika sakafu ya pua juu ya kaakaa. Dume akikuta mkojo wa jike huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu, ili chembe za mkojo ule zifike kwenye kiungo hicho. Neva zake hupeleka habari kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na mambo ya uzazi.

Ayala pia huzungumza kwa harufu. Ana tezi za harufu kati ya kwato, katika kifundo cha miguu ya nyuma, kwenye paji la uso na karibu na macho. Katika msimu wa kupandana dume hukwangua ardhi kwa kwato, hukojoa hapo, na hulamba na kusugua tawi lililo juu yake. Mahali hapo huwa kama ubao wa matangazo, ambapo kila apitaye husoma habari za wenzake.

4. Kupunguza harufu ya mtu

Mwindaji hodari huoga kwa sabuni isiyo na manukato, hufua nguo zake vivyo hivyo, na kuzihifadhi katika mfuko uliofungwa mbali na moshi, petroli na vyakula. Huvaa viatu vya mpira, kwa kuwa mpira hauachii harufu ya mguu ardhini upesi kama ngozi au kitambaa.

Wengine huosha nguo kwa bikaboneti ya sodiamu, ile magadi soda ya jikoni. Hapa mna somo zuri la kemia. Asidi zinukazo zikikutana na bikaboneti hutoa chumvi, maji na kaboni dayoksaidi. Chumvi haigeuki mvuke kwa urahisi, na kisichogeuka mvuke hakifiki puani. Lakini si harufu zote za mwili zilizo asidi. Kwa hiyo dawa hii ni ya nusu tu.

Ziko pia nguo zenye mkaa uliotengenezwa kwa namna ya pekee, wenye vitundu vingi mno ambavyo molekuli hunata ndani yake. Kanuni ni ya kweli, ila vitundu vikijaa mkaa haufanyi kazi tena, na kuusafisha barabara kwahitaji joto kali kuliko la mashine ya kukaushia nguo nyumbani. Aidha, nguo haizuii pumzi. Katika jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2002, mbwa waliofundishwa kutafuta watu waliwapata karibu watu wote waliojificha wakiwa wamevaa nguo hizo.

5. Upepo ndio bwana

Ikiwa harufu haiwezi kuondolewa, limebaki jambo moja: kuchagua inakokwenda. Mabaharia wa pwani yetu hutofautisha joshini, yaani upande unakotoka upepo, na demani, upande unakoelekea. Mwindaji hutaka ayala awe joshini na yeye mwenyewe awe demani. Akikosea hapo, sabuni zote za dunia hazitamfaa.

Katika nchi ya vilima kuna jambo jingine. Asubuhi jua hupasha moto mteremko. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, hutanuka, huwa nyepesi na kupanda. Jioni mteremko hupoa, na hewa baridi iliyo nzito hutiririka kuelekea bondeni. Kwa hiyo, siku ambayo upepo mkuu ni hafifu, mwindaji hukaa juu ya ayala hewa inapopanda, na chini yake hewa inaposhuka.

Wawindaji wa nchi nyingi hutupa vumbi au majivu ili kujua upepo. Huko Amerika wengi huachia nyuzi nyepesi za mbegu za mmea wa porini, zinazofanana na sufi yetu. Faida ya nyuzi hizo ni kwamba huonyesha pia hewa inavyopinda na kuzunguka mbali na mtu, jambo ambalo vumbi haliwezi kuonyesha.

6. Chambo cha harufu

Chambo cha harufu ni ishara ya uongo: hutumia lugha ya mnyama mwenyewe kumwita. Kilichozoeleka zaidi ni mkojo wa jike aliye tayari kupandwa, ambao hutiwa katika pamba au hukokotwa kwa kitambaa hadi karibu na maficho. Wengine hutumia mkojo wa mbweha kwa kudhani kwamba utaifunika harufu ya mtu. Pua ya ayala, hata hivyo, yaweza kupambanua harufu kadhaa kwa wakati mmoja, kama vile sikio letu linavyopambanua ngoma na zumari.

Mkojo una kasoro yake ya kikemia. Bakteria huvunja yurea iliyomo na kutoa amonia na kaboni dayoksaidi. Chupa iliyokaa muda mrefu baada ya kufunguliwa hunuka amonia tu, na ujumbe wa awali hupotea.

Jambo hili si geni kwetu. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti katika miaka ya 1980 walitumia mitego ya mbung'o iliyotiwa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Fenoli zilizomo katika mkojo huo humwambia mbung'o kwamba mnyama yu karibu. Kanuni ni ile ile ya mwinda ayala, ila shabaha hapa ni mdudu aletaye nagana na malale.

7. Chambo chenye maradhi

Mwaka 1967 katika jimbo la Colorado ulitambuliwa ugonjwa uliowakondesha ayala waliofugwa kwa ajili ya utafiti, hata wakafa. Baadaye ilidhihirika kuwa ubongo wao ulijaa matundu kama sifongo. Kisababishi si bakteria wala virusi, bali ni prioni, yaani protini iliyokunjwa vibaya, ambayo huzifanya protini nyingine nzuri zijikunje vivyo hivyo. Jina hilo lilibuniwa na Stanley Prusiner mwaka 1982, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Prioni hutoka katika mate, kinyesi na mkojo. Haiuawi kwa kupikwa wala kwa dawa za kawaida za usafi, na katika udongo hudumu zaidi ya miaka 2. Ayala aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kwa mwaka au zaidi. Ugonjwa huu hauna chanjo wala tiba, nao umekwisha kuonekana katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani. Mwaka 2016 uligunduliwa nchini Norwei, na serikali ikaamua kuliondoa kundi zima la nyumbu wa theluji wa Nordfjella, zaidi ya wanyama 2,000. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata; hata hivyo, wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe.

Sasa tafakari juu ya ile chupa ya chambo. Mkojo hukusanywa chini ya sakafu ya mazizi ya ayala wengi, ukachanganyika na kinyesi na mate, kisha ukauzwa mbali na huko. Kiasi cha prioni katika mkojo ni kidogo, na uwezekano wa kuambukiza si mkubwa. Lakini udongo ukishachafuliwa hausafishiki. Ndiyo maana jimbo la Virginia lilipiga marufuku chambo cha mkojo halisi mwaka 2015, na majimbo mengine yamechukua hatua kama hiyo. Badala yake hutumika chambo kilichotengenezwa maabara, chenye molekuli za harufu zisizotoka kwa mnyama.

Basi somo kuu ni hili: kwa kuwa harufu ni maada, anayehamisha harufu ya mnyama huhamisha pia vitu vingine asivyovinusa.

8. Majaribio ya darasani

(a) Tia siki kidogo katika bilauri. Ipungie mvuke wake kwa mkono kuelekea puani. Ongeza bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo mpaka povu likome, kisha nusa tena vivyo hivyo. Andika tofauti.

(b) Wanafunzi wakae katika safu wakiwa wamefumba macho. Mwalimu amenye chungwa mbele ya darasa, madirisha yakiwa yamefungwa. Kila anayenusa ainue mkono. Rudieni siku nyingine madirisha yakiwa wazi. Linganisheni muda na mfuatano wa mikono.

(c) Achia nyuzi za sufi kwenye mteremko ulio karibu na shule saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, kwa siku 5. Chora mishale ya mwelekeo wa hewa.

9. Maswali

1. Kwa nini jasho jipya halinuki sana?
2. Eleza kwa mlinganyo wa maneno jinsi bikaboneti inavyoondoa harufu ya asidi.
3. Jua linazama na ayala yuko katikati ya mteremko. Mwindaji akae wapi? Toa sababu.
4. Taja jambo moja linalofanana na moja linalotofautiana kati ya chambo cha ayala na chambo cha mbung'o.
5. Uwezekano wa mkojo kuambukiza ni mdogo. Je, ni haki kuupiga marufuku? Jadilianeni.