Somo la Lugha: Neno "Kutenga" na Jamaa Zake

Wasomaji wetu, somo la juma hili ni juu ya neno KUTENGA. Maana yake ni kuweka kitu mbali na vingine. Wafugaji wa Njoro na Molo walijua vema: ng'ombe akionyesha dalili ya ugonjwa wa miguu na midomo, hutengwa mara moja ili kundi lisiambukizwe.

KUTENGEA ni kuweka kando kwa ajili ya fulani. Wakati wa ukoloni, mashamba makubwa kuzunguka Nakuru yalitengewa walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliyalima, lakini hakuruhusiwa kuyamiliki. Mwaka 1968 Ziwa Nakuru lilifanywa Hifadhi ya Taifa. Basi limetengewa ndege na wanyama wa pori.

KUJITENGA ni kujiondoa mwenyewe, na KUTENGWA ni kuondolewa na wengine. Tofauti yake masikioni ni ndogo, lakini moyoni ni kubwa. Wakati wa maradhi ya korona, mgonjwa alishauriwa kujitenga kwa siku kadhaa. Jirani aliyemwekea uji mlangoni hakumtenga. Lakini mgonjwa akiisha kupona, na watu wakazidi kumkwepa, huyo ametengwa. Tarehe 26 Machi 2021 Serikali ilizuia watu kutoka na kuingia katika Nakuru, Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Yafaa kusema kaunti hizo tano zilitengwa na nyingine.

KUTENGANA ni kuachana kwa pande zote mbili. KUTENGANISHA ni kazi ya mwingine aliyeingia kati. Yafaa kuangalia sana hapa. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wengi wa Nakuru walitenganishwa na ghasia. Ukisema "walitengana", wadai kwamba walikubaliana kuachana, hali wengi walikimbia ili kuokoa maisha yao. Kiungo kimoja cha neno chaweza kumwondolea mkosaji lawama.

KUTENGUA lisichanganywe na hayo: ni kuondoa jambo lililokwisha kuwekwa, kama kutengua uamuzi au uteuzi.

Wazee husema, "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu." Utengano umezaliwa na neno letu hili.

Zoezi: Eleza tofauti ya sentensi hizi. (1) Mzee amejitenga na baraza. (2) Mzee ametengwa na baraza. (3) Mzee ametengewa kiti barazani.