Kutubu ni Pamoja na Kutengeneza



Somo letu linatokana na filamu ya Kenya ya mwaka 2013, "Something Necessary", iliyoongozwa na Judy Kibinge. Anne, muuguzi, amefiwa na mumewe na nyumba yake imeharibiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Joseph ni kijana aliyekuwa katika genge lililoshiriki ghasia hizo. Dhamiri inamsumbua, naye anavutwa kwenda kwenye shamba la mama yule.

Huenda ukasema, "Sisi hatujachoma nyumba ya mtu." Ni kweli, lakini nyumba hubomoka kwa njia nyingi. Mimi mwenyewe, hapa Mtongwe, niliwahi kuchukua kwa siri akiba ya chama ya mke wangu nikanunua mashine ya boti. Haikumaliza mwezi, ikafa. Sikumwambia mpaka siku aliyotakiwa kupeleka pesa kwa wenzake. Niliomba msamaha, akanisamehe. Juma lililofuata nikagundua kwamba kibeti chake cha pesa anakiweka kwa dada yake. Nikawaka: "Si ulisema umenisamehe?"

Hapo nilikosa mara ya pili. Nilitaka msamaha wake ufanye kazi iliyokuwa yangu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo huondoa dhambi, lakini hayatengenezi yote yaliyoharibika. Mtubu anapaswa kurekebisha kadiri awezavyo. Ndiyo maana ya malipizi. Zakayo hakuishia kujuta. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu (Lk 19:8).

Basi kila mwisho wa mwezi nilimkabidhi mke wangu sehemu ya mshahara, miezi 14, bila kuuliza kibeti kitarudi lini. Siku moja nilikikuta kabatini. Hatukusemezana neno juu yake.

Nawe uliyekosewa, kusamehe si kujifanya hukuumia. Una haki ya kwenda polepole. Ila mwenzako akianza kutengeneza, usimkumbushe kosa lake kila mnapokula.

Maswali ya kujadili, watoto wakishalala:

1. Ni jambo gani niliomba msamaha lakini sijalitengeneza?
2. Mwenzangu anahitaji kuniona nikifanya nini ili aanze kuniamini tena?