Majeruhi asivuje damu, asipate baridi

Usiku wa Julai, baridi ya mtaa wa Spring Valley, Nairobi, huingia mifupani. Boda boda ikigongwa Barabara ya Lower Kabete, watu hukimbilia kumnywesha majeruhi maji, naye amelala juu ya lami huku akivuja damu. Maji hayo yaacheni. Lami ndiyo ya kuogopwa, maana inamnyonya joto.

Mshipa ukikatika hujibana, chembe sahani zikashikana pale palipokatika, kisha nyuzi za faibrini zikasuka wavu wa kushikilia donge. Kazi hiyo inategemea vimeng'enya, navyo vinahitaji joto. Mwili ukishuka chini ya nyuzijoto 34, damu hugoma kuganda. Na kadiri inavyomwagika, tishu hukosa oksijeni, asidi hupanda, hali ikazidi kuharibika. Takriban mtu mmoja kati ya wanne walioumia vibaya hufika hospitalini damu yake tayari imeshindwa kuganda sawasawa.

Mmoja apige 999 au 112. Wewe kandamiza jeraha kwa leso safi, uzito wako wote ukiwa mikononi, wala usifunuefunue kuchungulia. Mkono au mguu ukiendelea kurusha damu, funga kitambaa kipana, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, si kwenye kiungo, ukikaze kwa kijiti mpaka damu ikatike. Atalia kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga.

Halafu joto. Vueni nguo zilizolowa, mgeuzeni kwa pamoja, shingo na mgongo vikiwa sawa, mumtandikie jaketi nzito ya boda boda. Mfunikeni hadi kichwani, uso ubaki wazi. Asipewe aspirini, kwani inazilemaza chembe sahani.

Hospitalini, mwambieni daktari saa ya ajali. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba dawa iitwayo asidi ya traneksamiki hupunguza vifo. Lakini ili ifae, lazima itolewe ndani ya saa 3.

Hatari ya pili huja kimyakimya. Seli zilizopondeka humwaga mitokondria, vinu vya nishati vya seli ambavyo asili yake ni bakteria, na kinga ya mwili huvishambulia kana kwamba ni vijidudu. Hata mapafu ambayo hayakuguswa yanaweza kujaa maji. Baadaye kinga huchoka, na vijidudu vya kweli vikapata mwanya. Kwa hiyo akiwa wodini, nawa mikono kabla ya kumshika, ulizia chanjo ya pepopunda, na akianza homa au kuhema mbiombio, mwite muuguzi papo hapo, hata kama kidonda kinaonekana kikavu.