SOMO: SIKU TATU ZA KWANZA KATIKA MJI WA UGENI

Masomo: Nehemia 2:11-16, Matendo 17:16-23, Walawi 19:33-34



Vijana wetu wa Lusenda wanapovuka Ziwa Tanganyika kwenda kujitolea katika kazi ya Mungu huko Kigoma, wengi hutaka kuhubiri siku ile ile ya kufika. Tujifunze kwa Nehemia. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta, kabla ya kuwaambia wakubwa wa mji neno lolote. Hawezi kujenga ukuta asiyejua umebomoka wapi.

1. Tujulikane kwanza. Kabla ya kutembea mjini, tujionyeshe kwa watu wa uhamiaji na karatasi zetu, kisha mchungaji anayetupokea atufikishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Mgeni asiyejulikana huleta mashaka juu ya nyumba yote iliyomlaza.

2. Tujifunze kuishi. Saa ya Kigoma iko mbele ya yetu kwa saa moja. Asiyeirekebisha atakuta ibada inakwisha. Magari yanapita upande wa kushoto, nasi tumezoea kuume; tutazame vizuri kabla ya kuvuka. Fedha ni shilingi. Kiswahili ni kimoja, lakini butiki yetu kwao ni duka, na mkubwa husalimiwa "Shikamoo". Kijana akimwambia mzee "Jambo" tu, mlango unaweza kufungwa kabla Injili haijatajwa.

3. Tutazame mji. Paulo alizunguka Athene, akaona madhabahu, ndipo akapata mahali pa kuanzia neno. Nasi twende stesheni: reli kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ilifika ziwani mwaka 1914. Twende Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Hao wawili majina yao yanajulikana. Lakini tuwakumbuke pia watu waliotolewa upande wetu wa ziwa, wakapitishwa Ujiji katika utumwa, na majina yao hayakuandikwa. Tena Ujiji ina Waislamu wengi. Ngoma zetu zisipigwe wakati wa swala yao.

4. Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1996 vita iliwafukuza watu wengi wa Fizi, wakavuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mkoani Kigoma. Baadaye ugeni ukaja kwetu: kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa ajili ya Warundi, ambao tangu 2015 walifika kwa maelfu. Basi sisi tumekuwa wageni, tumekuwa na wenyeji. Anayekubali kukaa siku tatu Kigoma akisikiliza watu, je, amekaa hata saa moja kambini, karibu na nyumba yake, akimsikiliza Mrundi? Kazi ya ng'ambo isitufiche jirani.

Maswali ya kujibu katika vikundi:
a) Kwa nini Nehemia alinyamaza kwanza?
b) Mgeni aliyefika kwetu wiki hii, nani amemwonyesha kisima, soko na kanisa?

Bwana awatangulie wote wanaotumwa, na awalinde wanaowapokea. Amina.